Omu Kabla ya Wati: Kulinganisha Amplifaya na Spika, Kuanzia Honi za Korogwe na Handeni Hadi Spika za Utepe

Amplifaya na spika huuzwa kila kimoja peke yake, lakini hufanya kazi kama chombo kimoja. Amplifaya hupokea umeme dhaifu kutoka kwenye maiki, simu au redio na kuukuza. Spika huugeuza umeme uliokuzwa kuwa mtikisiko wa hewa. Baina ya viwili hivyo kuna nyaya mbili tu, na katika nyaya hizo ndimo inamoamuliwa kama sauti itatoka safi, itakwaruza, au kama kimoja kitakiunguza kingine. Katika wilaya za Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, uamuzi huo hufanyika kila siku: kwenye honi za misikiti, spika za kwaya, magari ya matangazo ya gulio, majukwaa ya mikutano ya hadhara na maboksi ya muziki wa harusini. Mnunuzi huuliza wati kwanza. Swali linalopaswa kutangulia ni la omu.

Omu, volti na mkondo

Omu ni kipimo cha jinsi kifaa kinavyouzuia umeme usipite. Spika nyingi huandikwa omu 4, 8 au 16 mgongoni. Omu zikiwa chache, mkondo mwingi hupita. Zikiwa nyingi, mkondo mdogo hupita. Kwa kuwa spika hupokea umeme unaogeukageuka, ukinzani wake huitwa impidansi, na haubaki palepale. Spika ya koili iliyoandikwa omu 8 inaweza kushuka hadi karibu omu 6 katika baadhi ya masafa, kisha ikapanda hadi omu 40 pale inapotikisika kwa urahisi zaidi kwenye besi. Namba ya mgongoni ni makadirio ya kumwongoza anayeunganisha.

Hesabu yenyewe ni fupi. Wati ni volti zidisha volti, gawa kwa omu. Amplifaya iliyotengenezwa kutoa wati 100 kwenye spika ya omu 8 hutoa volti 28 hivi, na mkondo wa ampea 3.5. Ikiunganishwa na spika ya omu 4 huku volti zikibaki zilezile, mkondo huongezeka hadi ampea 7 na wati hufika 200. Kwenye omu 2 ni ampea 14 na wati 400. Hapo ndipo hatari ilipo: spika yenye omu chache haisubiri ruhusa, huvuta mkondo wote inaoweza kuupata. Kama transfoma ya ndani na transista za kutolea sauti hazikutengenezwa kwa mkondo huo, joto hupanda, fyuzi hukatika, au transista huungua kabla ya fyuzi.

Kwa hiyo maandishi ya nyuma ya amplifaya yanayosema "omu 4 hadi 16" yana maana mbili. Omu 4 ndio mpaka wa chini, na kushuka zaidi ni kuiunguza. Juu ya 16 hakuna kinachoharibika kwenye amplifaya ya transista; wati zitapungua tu.

Spika nyingi kwenye amplifaya moja

Mchanganyiko wa omu huanza pale spika ya pili inapoongezwa. Zikiungwa sambamba, yaani chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, omu hugawanyika. Spika mbili za omu 8 huwa omu 4, na spika nne huwa omu 2. Zikiungwa kwa mfuatano, yaani hasi ya kwanza ikaingia kwenye chanya ya pili, omu hujumlishwa: mbili za omu 8 huwa 16.

Mtu mwenye spika nne za omu 8 anaweza kuepuka hatari kwa kuziunga mbilimbili kwa mfuatano, kisha jozi hizo mbili akaziunga sambamba. Jumla hurudi kuwa omu 8, na kila spika hupata robo ya wati zote. Sharti ni kwamba spika zote nne ziwe za aina moja. Spika ya inchi 15 ikifuatana na honi, moja itanyang'anywa volti na nyingine, na mgawanyo huo utabadilika kila noti inapobadilika.

Jambo la pili katika kuunga ni mwelekeo. Spika mbili zilizopangwa pamoja zinapaswa kusukuma hewa kwa wakati mmoja. Moja ikigeuzwa nyaya, nyingine ikisukuma yenyewe huvuta, na besi hupotea kana kwamba imezimwa. Fundi huhakiki kwa betri ya volti 1.5: chanya ya betri ikiguswa kwenye chanya ya spika, kiwambo husogea mbele. Kipimo hicho kinafaa kwa spika ya kawaida ya koili. Kwa spika ya utepe, itakayoelezwa mbele, ni marufuku.

Wati si sauti

Wati hupima umeme unaoingia kwenye spika. Sauti inayotoka hutegemea spika inautumiaje umeme huo, na sifa hiyo huitwa usikivu wa spika. Hupimwa kwa desibeli, mita 1 mbele ya spika inayopewa wati 1. Spika ya boksi ya nyumbani hutoa karibu desibeli 86 hadi 90. Honi ya msikitini hutoa karibu 106, kwa sababu pembe yake hukishikilia kiwambo kidogo na hewa kwa uthabiti na kuielekeza sauti upande mmoja.

Tofauti ya desibeli 20 kati ya 86 na 106 ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kila desibeli 10 zinahitaji wati mara kumi, kwa hiyo desibeli 20 ni wati mara mia. Honi iliyopewa wati 1 husikika sawa na boksi lililopewa wati 100. Ndiyo sababu honi ya wati 30 juu ya mnara inaweza kuvuka mashamba ya mkonge ya Ngombezi au Mnyuzi, wakati boksi kubwa la harusi halisikiki vizuri mita mia tatu kutoka uwanjani. Mahali pa wazi, sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Honi yenye desibeli 121 kwa mita 1 hubaki na 81 kwa mita 100, na 75 kwa mita 200, kabla ya kuhesabu upepo na miti.

Kuongeza wati maradufu huleta desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio hulitambua lakini halilistaajabii. Anayetaka sauti ifike mbali hupata faida zaidi kwa kuinua honi juu, kuzielekeza vizuri na kuzigawa sehemu mbili kuliko kununua amplifaya yenye wati maradufu. Njia hiyo pia hupunguza kelele kwa majirani wasiohusika, jambo ambalo Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, hulifuatilia kwa nyumba za ibada na kumbi za starehe vilevile.

Honi ina mpaka wake. Haifanyi kazi vizuri chini ya hezi 300 au 400. Chini ya hapo pembe haikishikilii tena kiwambo, na kiwambo hurukaruka bila kizuizi hadi koili ikwaruze sumaku au waya wake ukatike. Sauti ya mtu huvumilika kwa sababu maneno hueleweka zaidi katika masafa ya kati. Muziki wenye ngoma nzito na gitaa la besi ukipitishwa kwenye honi huiua polepole. Dawa yake ni kukata besi kwenye mikisa au kuweka kapasita kabla ya honi.

Waya mrefu na laini ya volti 100

Waya nao una omu. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 una karibu omu 1.15 kwa kila mita 100. Honi ikiwa mita 100 kutoka kwenye amplifaya, umeme hutembea mita 200, kwenda na kurudi, na waya huongeza omu 2.3. Kwa honi ya omu 8, hesabu inaonyesha kwamba honi hupata karibu asilimia 60 ya wati ambazo ingepata bila waya huo. Ukitumika waya mwembamba wa milimita mraba 0.75, hubaki asilimia 40.

Dawa iliyoenea duniani kote, na inayoonekana nyuma ya amplifaya nyingi za misikiti na shule, ni laini ya volti 100. Amplifaya ina transfoma ya kupandisha volti, na kila honi ina transfoma yake ndogo ya kuzishusha. Volti zikiwa nyingi, wati zilezile husafirishwa kwa mkondo mdogo, na waya hula kidogo. Ni kanuni ileile inayotumika kusafirisha umeme wa bwawa la Hale, lililoko wilayani Korogwe na lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1964 likiwa na uwezo wa megawati 21: volti hupandishwa kituoni, hushushwa karibu na mtumiaji. Mzigo wa wati 120 kwenye laini ya volti 100 una omu 83 hivi, na waya uleule wa omu 2.3 hula asilimia 3 tu.

Kwenye laini hii omu hazihesabiwi tena, hujumlishwa wati. Transfoma ya honi ina pointi kadhaa, kwa mfano wati 5, 10, 15 na 30. Amplifaya ya wati 120 inaweza kubeba honi nne zilizowekwa kwenye wati 30, au honi nane kwenye wati 15. Mafundi makini huacha akiba ya moja ya tano, yaani hujumlisha hadi wati 96 hivi. Kosa linalounguza vifaa ni kuchanganya: honi ya omu 8 isiyo na transfoma ikiungwa kwenye pointi ya volti 100 hupewa volti ambazo zingetoa wati 1,250, na koili yake hukatika papo hapo. Kipimo cha multimita hakitoshi kuthibitisha honi yenye transfoma, kwa kuwa mita hupima shaba ya koili kwa umeme wa betri, wala si mzigo halisi wakati sauti inapita.

Valvu na transista

Kanuni za omu ni zilezile kwa kila amplifaya, lakini amplifaya ya valvu na ya transista huzipokea kwa namna tofauti. Valvu ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa, ambamo waya uliopashwa moto hutoa elektroni zinazodhibitiwa na kichujio cha nyaya nyembamba. Lee de Forest alitengeneza valvu ya kukuzia mwaka 1906. Transista ilizaliwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1947. Katika miaka ya 1960, wakati bendi za Tanga kama Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilipokuwa zikivuma kwa gitaa za umeme, amplifaya za gitaa duniani zilikuwa karibu zote za valvu. Leo karibu kila amplifaya inayouzwa Manundu mjini Korogwe au Chanika mjini Handeni ni ya transista. Valvu imebaki kwa wapiga gitaa, kwa wapenzi wa kusikiliza muziki kwa utulivu, na ndani ya redio kuukuu za mbao.

Valvu hufanya kazi kwa volti nyingi na mkondo mdogo. Jozi ya valvu za EL84 hupenda kuona mzigo wa omu 8,000 hivi, wakati spika ina omu 8. Kati yao huwekwa transfoma ya kutolea sauti. Transfoma hubadilisha omu kwa mraba wa uwiano wa mizunguko ya waya wake, kwa hiyo kutoka 8,000 hadi 8, yaani mara elfu moja, kunahitajika mizunguko karibu 32 kwa 1. Ndiyo sababu amplifaya ya valvu huwa na matundu matatu nyuma: omu 4, 8 na 16. Spika ya omu 8 huingia kwenye tundu la 8. Ikiingia kwenye tundu lingine, valvu huona mzigo usio wake. Wati hupungua, sauti hukwaruza mapema na valvu huchakaa haraka.

Amplifaya ya transista haina transfoma hiyo, isipokuwa zile za volti 100. Hutoa volti zilezile karibu bila kujali omu, na spika ndiyo inayoamua mkondo. Hivyo makosa yanayoziua ni ya kinyume. Transista huuawa na shoti au omu chache mno, lakini inaweza kuwashwa bila spika bila madhara. Valvu huvumilia shoti fupi, lakini kuiwasha na kupitisha sauti bila spika ni hatari: nguvu iliyomo kwenye transfoma hukosa pa kwenda, volti hupanda kupita kiasi na cheche huweza kuitoboa transfoma kwa ndani. Kwa valvu, spika huungwa kwanza, umeme huwashwa baadaye.

Tofauti nyingine iko kwenye ukinzani wa amplifaya yenyewe, ule ambao spika huuona ikitazama nyuma. Kwa transista huwa chini ya omu 0.1. Kwa valvu isiyo na mrejesho mwingi unaweza kufika omu 2 au 3. Spika ya koili inayopanda hadi omu 40 kwenye besi na kushuka hadi 6 kwingineko, ikiungwa kwenye amplifaya yenye omu 3, hupata volti nyingi zaidi pale omu zake zilipo nyingi. Matokeo ni besi iliyovimba kwa karibu desibeli 3. Wapo wanaoipenda sauti hiyo na kuiita ya joto. Asili yake ni hesabu ya omu, na spika nyingine ikiwekwa, uvimbe huo huhamia masafa mengine.

Spika za utepe

Spika inayoonyesha umuhimu wa omu kuliko zote ni ya utepe. Walter Schottky na Erwin Gerlach waliibuni nchini Ujerumani mwaka 1924. Haina koili wala kiwambo cha karatasi. Ina ukanda wa alumini mwembamba kuliko karatasi ya sigara, uliokunjwakunjwa na kuning'inizwa kati ya sumaku mbili ndefu. Mkondo wa sauti hupita ndani ya utepe wenyewe, na utepe husogea mbele na nyuma. Kwa kuwa kitu kinachosogea ni chepesi mno, huanza na kuacha kusogea mara moja. Sauti za juu, kama kugonga kwa matoazi au herufi za midomo na meno katika uimbaji wa kwaya, hutoka zikiwa bayana.

Bei ya wepesi huo ni omu. Kipande kifupi cha alumini kina omu chache mno, kwa mfano 0.2. Hakuna amplifaya ya kawaida inayoweza kuutazama mzigo huo moja kwa moja. Ni karibu shoti tupu. Ndiyo maana tvita nyingi za utepe, yaani spika za sauti za juu, huwa na transfoma ndani ya boksi. Kutoka omu 0.2 hadi 8 ni mara 40, na transfoma ya mizunguko 6.3 kwa 1 hutosha. Mtengenezaji mwingine huubandika utepe juu ya karatasi ya plastiki na kuuzungusha mara nyingi ili urefu wake uongeze omu. Spika za Magnepan za Marekani hufika karibu omu 4 kwa njia hiyo. Kampuni ya Apogee, pia ya Marekani, ilitoa katika miaka ya 1980 spika ya Scintilla, utepe mzima wa masafa yote wenye omu 1. Amplifaya inayotoa volti 28 ingelazimika kuipa ampea 28 na wati 800. Amplifaya chache za wakati huo ziliweza.

Utepe una sifa moja inayourahisishia kazi mlinganishaji. Impidansi yake karibu haibadiliki kutoka masafa ya chini hadi ya juu. Hauna kile kilima cha omu 40. Kwa hiyo ukinzani wa amplifaya ya valvu, unaovimbisha besi kwenye spika ya koili, kwenye utepe hupunguza sauti yote kwa kiasi kimoja bila kuipindisha. Hii ndiyo sababu ya kweli ya sifa wanayoipa valvu na utepe zikiwa pamoja. Sharti ni tundu sahihi: utepe wa omu 4 kwenye tundu la 4. Pale mtengenezaji aliposhuka hadi omu 1 au 2, valvu haifai, na transista yenye transfoma kubwa ya umeme ndiyo inayobeba mkondo.

Kwa transista, hatari iko kwingine. Transista ya kutolea sauti ikifa, mara nyingi humwaga umeme wa moja kwa moja, kama wa betri, kwenye nyaya za spika. Koili ya shaba huweza kuvumilia sekunde chache kabla ya kuungua. Utepe hukatika mara moja. Hata transfoma ya utepe haiuokoi mtambo, kwa kuwa kwa umeme wa moja kwa moja na kwa besi nzito transfoma huwa kama shoti, na transista hupata mzigo usio na omu. Kinga ni kapasita iliyofuatana na tvita na fyuzi ndogo ya haraka. Kinga hiyohiyo inafaa kwa transfoma za honi, ambazo nazo hushiba zikipewa besi. Na hapa inaeleweka kwa nini kipimo cha betri ya volti 1.5 ni marufuku: kwenye utepe mtupu wa omu 0.2, betri hiyo inaweza kusukuma ampea kadhaa, zinazotosha kuunyoosha au kuukata.

Utepe pia si chombo cha uwanjani. Spika nyingi za utepe mzima zina usikivu wa karibu desibeli 84. Kufikia sauti ya honi yenye wati 1 zinahitaji wati 160. Upepo wa wazi unaweza kuukunja utepe, na vumbi lenye chembe za chuma huvutwa na sumaku zake na kujaza ule mwanya mwembamba. Katika miezi ya kiangazi Handeni, barabara za udongo zinapotimua vumbi, spika hiyo inahitaji kitambaa kizito au chumba kilichofungwa. Mahali pake ni studio, sebule, au ukumbi wa kusikilizia wenye kuta.

Umeme wa laini, betri na sola

Amplifaya hutoa kile inachopewa. Umeme wa TANESCO ni wa volti 230, lakini mwisho wa laini ndefu za vijijini hushuka jioni. Katika amplifaya yenye transfoma ya kawaida isiyo na kirekebishi, volti zikishuka hadi 190, wati hushuka kwa mraba: ya wati 100 hubaki na 68. Anayeongeza sauti kufidia huvuka mpaka. Vilele vya mawimbi hukatwa, na sauti iliyokatwa vilele hubeba hadi wati mara mbili ya sauti safi yenye kimo hichohicho. Sehemu ya nguvu hiyo huwa masafa ya juu, na tvita ndiyo hufa kwanza. Kwa hiyo amplifaya ndogo iliyolazimishwa huua spika kwa urahisi kuliko amplifaya kubwa inayotumiwa kwa kiasi.

Kwenye magari ya matangazo yanayozunguka Segera, Kabuku na Mombo, umeme hutoka kwenye betri. Kwa volti 12, amplifaya ya kawaida hutoa karibu wati 4.5 kwenye omu 4. Ikiwa ya daraja (bridge), yaani inayosukuma nyaya zote mbili, hutoa wati 18. Zaidi ya hapo lazima iwe na mashine ndani ya kupandisha volti. Maandishi ya wati 1,000 kwenye boksi dogo la volti 12 lenye waya mwembamba hayawezi kuwa kweli: wati 1,000 kutoka betri ya volti 12 ni zaidi ya ampea 83, na waya huo ungeyeyuka. Kinachopaswa kusomwa ni wati za kuendelea, ambazo huandikwa RMS, si zile za kilele zinazoandikwa PMPO.

Kwa sola, aina ya amplifaya ina uzito. Amplifaya ya daraja la D hugeuza karibu asilimia 90 ya umeme kuwa sauti inayokwenda kwenye spika. Ya daraja la AB hupoteza sehemu kubwa kama joto, na hilo huonekana Korogwe, bondeni kwa Mto Pangani, ambako mabati ya kupozea hayapati hewa ya baridi. Valvu hupoteza zaidi, kwa kuwa hupasha nyaya zake moto hata pasipo na sauti. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 inayotumiwa hadi nusu hutoa wati-saa 600. Amplifaya inayokula wastani wa wati 60 itadumu saa 10, na hotuba, yenye vituo baina ya maneno, hula kidogo kuliko muziki.

Mpangilio wa kukagua

Kabla ya kuwasha mtambo mpya, ukaguzi unaofuata mpangilio huzuia makosa karibu yote yaliyotajwa. Kwanza hupimwa omu za jumla kwenye nyaya za spika. Spika ya koili ya omu 8 husoma karibu 6 hadi 7 kwenye multimita, na usomaji wa chini ya 1 ni dalili ya shoti. Kwa tvita ya utepe husomwa karatasi ya mtengenezaji, bila kuipima. Pili hulinganishwa omu hizo na mpaka wa chini wa amplifaya, au, kwa laini ya volti 100, hujumlishwa wati za pointi. Tatu huchaguliwa tundu: 4, 8, 16 au volti 100, lisichanganywe. Nne hukatwa besi kwa honi zote na kuwekwa kapasita kwa tvita. Tano huangaliwa unene wa waya kwa umbali uliopo. Mwisho, spika zikiwa zimeungwa na sauti ikiwa chini kabisa, umeme huwashwa, na sauti hupandishwa polepole. Kwa amplifaya ya valvu, kifuniko hakifunguliwi wakati huu wala baada ya kuzima, mpaka kapasita zake zimemwagwa umeme, kwa kuwa hubaki na volti 300 hadi 450 muda baada ya plagi kuchomolewa.